Mlo wa Safari

Siku Meneja alipomwita Mama Kamba jina la Mama Mikojo mbele ya wageni, mumewe alicheka. Ugomvi wote ulianzia hapo. Maneno ya Meneja alishayazoea, yakiingia sikio hili yanatokea la pili; lakini kicheko cha mumewe, kile cha puani, cha mtu anayetaka naye aonekane yumo, kilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Ilikuwa sherehe ya Meneja kuhamia nyumba mpya. Meneja ni kaka mkubwa wa mumewe. Umeneja huo hakupewa na mtu. Alijivika mwenyewe tangu alipoanza kutafuta wanunuzi wa kamba wachanga waliokuwa wakilelewa nyuma ya nyumba ya mama yao, na kwa kuwa alikitaja cheo hicho bila haya, watu nao wakakipokea. Siku hiyo alikuwa amevaa miwani ya jua, tena sebuleni, mapazia yamefungwa. Jamani, cheo kina mambo yake.

Mke wa mdogo wake mtaani aliitwa Mama Kamba. Hakujaliwa mtoto, na kwa vile pale kila mwanamke anaitwa kwa mwanawe, majirani walimpa jina hilo kwa wema tu, asikae hivi hivi. Naye alilipenda. Kamba wale wa maji baridi aliwapokea wakiwa wembamba kama kope, akawalea mpaka wakafikia urefu wa kidole. Na kulea kamba ni kulea maji. Kamba mchanga anakula, na akishakula uchafu wake unamtokea mashavuni, pale anapopumulia, hauonekani kwa macho, unachanganyika na maji na kuwa amonia. Ikizidi, inamuua yeye mwenyewe aliyeitoa. Wachanga ndio wanaochafua zaidi, maana wanakula muda wote na kukua muda wote, kama mtoto wa nepi. Kila alfajiri Mama Kamba alichota maji kwenye glasi na kudondoshea dawa ya kupimia. Yakibaki njano, salama. Yakielekea kijani, anaanza kubadilisha maji kabla hata hajanawa uso. Miaka ilivyokwenda akawa anaijua hali ya tangi kwa kuinama tu na kunusa.

Sasa siku ya sherehe alioga mara mbili, akajipaka manukato ya kukopa kwa jirani, akavaa gauni lake la kijani ambalo hulitoa kabatini kwa kusitasita. Hata kizingiti hajakivuka, Meneja akapiga makofi.

"Fungueni madirisha! Mama Mikojo amefika!"

Watu wakacheka. Meneja akamgeukia mgeni wake mkubwa, mwanamke mwenye mabwawa ya kufugia ambaye ndiye angenunua kamba wote wa msimu ule. "Bibie, huyu ndiye mfanyakazi wetu kule kwenye matangi. Kazi yake kunusa mikojo ya kamba. Asubuhi ananusa, jioni ananusa. Ana pua huyu, ukimpoteza mbwa mwite yeye."

Wakacheka tena, na hapo ndipo Mama Kamba aliposikia kile cha puani, nyuma yake kabisa, kutoka kwa mwanamume ambaye shati alilolivaa siku ile alipigiwa pasi na yeye Mama Kamba.

"Kaa pale dirishani, shemeji," Meneja alisema. "Upepo utusaidie."

Akakaa dirishani. Sahani yake ililetwa mwisho, na aliyeileta alinyoosha mkono kutoka mbali. Na kama hiyo haitoshi, Meneja akasimama kutoa shukrani, na katikati ya shukrani akatangaza kwamba wakishauzwa hawa wa sasa, matangi yatahamishiwa hapa, nyuma ya nyumba mpya, na kazi atapewa kijana mmoja mtaalamu, msafi. "Biashara inataka usafi," alisema, na akamwangalia nani? Alimwangalia mtu wa dirishani.

Hivyo ndivyo Mama Kamba alivyojua kwamba ananyang'anywa matangi.

*

"Ulicheka," alimwambia mumewe walipofika chumbani kwao.

Walikuwa na vyumba viwili vya nyuma katika nyumba ya mama mkwe, mlango ukitazamana na matangi. Mumewe ni fundi bomba, na mtaani anaitwa Fundi tu. Alikuwa amekaa kitandani akihangaika na kamba ya kiatu.

"Nani?"

"Wewe. Nilikusikia."

"Ah! Utani wa shemeji ule. Ulitaka nifanye nini, nimpige kaka yangu ndani ya nyumba yake?"

"Sikutaka umpige. Nilitaka usicheke."

Fundi akakiacha kiatu. "Mke wangu, kaka anaongea vile kwa kila mtu. Hata mimi ananiita Bomba Bovu."

"Na wewe unacheka."

"Sasa nilie?"

"Na matangi? Ulijua?"

Fundi akakirudia kiatu chake. Alijua. Pengine wiki, pengine mwezi, alikuwa akilala na jambo hilo ubavuni mwa mkewe.

"Matangi alinunua kaka," alisema mwishowe. "Na pampu. Sisi tuna nini cha kudai?"

"Mabomba nani aliyaunganisha? Pampu ikizimika, nani anaamka kukoroga maji kwa ndoo mpaka mikono inakufa ganzi? Yeye? Na hiyo miwani yake?"

"Yamekwisha hayo."

"Hayajaisha," alisema Mama Kamba. Alikuwa akilivua gauni la kijani polepole, akilikunja vizuri kana kwamba halitavaliwa tena. "Yataisha nikishamlipa."

"Umlipe nini, wewe?"

"Alichonipa. Mbele za watu, na mnunuzi wake akiwepo."

Fundi akamtazama, kisha akazima redio ambayo hata haikuwa na sauti. Hakuuliza zaidi. Fundi hajawahi kuuliza zaidi maishani mwake.

*

Ili uelewe malipo hayo, lazima ujue namna kamba wachanga wanavyosafirishwa. Wanatiwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kidogo, juu inajazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi, mfuko unafungwa kwa mpira, safari. Hewa wanayo ya kutosha. Shida ni kwamba mle ndani hakuna pampu, hakuna chujio, hakuna wa kubadilisha maji. Wakitoa uchafu, wanasafiri nao. Kwa hiyo wanafungishwa. Siku moja kabla ya safari hawapewi chakula hata punje, matumbo yakae tupu. Kila mtu wa kazi hii anajua, mnunuzi anajua, Meneja anajua. Kamba aliyefunga anafika hai. Aliyeshiba anafia njiani.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuwahi kulikubali jambo hilo, naye ni mama mkwe. Alielezwa mara nyingi. Alisikiliza, akaitikia, akasahau siku hiyo hiyo, kwa sababu halikumwingia akilini kwamba kiumbe anaweza kufa kwa kula. Yeye alikuwa mtu wa kulisha. Hakuna aliyetoka kwake bila kutia kitu mdomoni: msoma mita ya umeme, watoto wa jirani, fundi wa paa, hata yule mwenye duka aliyekuja kugomba. Siku za kufungisha, Mama Kamba alikuwa akilificha kopo la chakula cha kamba juu ya kabati, kwa sababu aliwahi kumkuta bibi yule akiwanyunyizia makombo ya mkate, machozi yakimlengalenga.

Asubuhi ya safari, kopo halikuwa juu ya kabati.

Mama Kamba alikuwa amelichukua mwenyewe na kulishika, amesimama juu ya tangi la kwanza. Kamba walikuwa wamepanda karibu na uso wa maji, wakakiona kivuli chake wakadhani ni chakula. Miili yao ni kama kioo, unaona mpaka ndani. Mtu akiwatazama anauona utumbo, na siku ile utumbo ulikuwa mtupu, hauonekani. Aliingiza mkono ndani ya kopo. Akautoa. Akauingiza tena. Moyo wake wote ulimtaka afanye, lakini mkono uligoma. Aliwalea hawa. Jina lake lilikuwa lao. Akaliweka kopo ukingoni mwa tangi, akasimama tu pale akijitukana kwa uoga.

Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ya Meneja. Alikuwa amekuja na mnunuzi na gari lake, wakakaribishwa chai. "Kijana mwenyewe ni msafi, bibie, hana ile harufu. Huyu wa sasa nikimpandisha gari, lazima nioshe viti."

Na mnunuzi akacheka.

Ndipo mlango wa uani ukafunguka, akatoka mama mkwe na kikombe cha chai mkononi, akaja taratibu mpaka kwenye matangi.

"Wamekula hawa?" aliuliza, kama anavyouliza kila siku.

Siku nyingine zote za namna hii Mama Kamba hujibu, Ndiyo mama, wameshiba. Uongo mdogo wa kumtuliza mtu mzima.

"Bado, mama," alisema. "Tangu jana mchana."

"Tangu jana! Na wanasafiri leo?"

"Wanasafiri, mama. Safari ndefu. Watafika jua limeshapoa."

"Na wewe umesimama tu unawaangalia?" Bibi aliweka kikombe chini. "Watoke kwangu na njaa? Kwangu mimi? Kiko wapi chakula chao?"

Mama Kamba alilichukua kopo pale ukingoni, akalitia mkononi mwa mama mkwe wake.

Bibi akachota, akanyunyiza. Maji yakachemka kwa miili midogo. "Masikini, ona wanavyogombania! Kuleni, kuleni wanangu, msiwe na haraka, kipo." Akaenda tangi la pili, akaenda la tatu. Alikuwa na furaha usoni. Alipofika mwisho na kugeuka, Mama Kamba alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, tena kwa upole:

"Na hawa wa kona ile, mama. Hawa bado."

Alipoinua macho alimwona mumewe. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye bomba la kutolea maji, spana mkononi, na alikuwa ameona yote. Alitazama kopo. Alimtazama mama yake. Kisha akamtazama mkewe, na mkewe hakuyakwepesha macho. Hatua kumi tu kutoka pale angemkuta kaka yake. Kusema "Kaka, njoo" hakuhitaji nguvu. Mama Kamba alingoja, na katika kungoja kule alikuwa akiuliza swali moja tu, lile lile lililomkaa tangu siku ya sherehe: huyu yuko upande wa nani?

Fundi aliinama akaendelea kukaza bomba.

*

Walianza kufunga mifuko jua lilipopanda. Kamba walioshiba wanachangamka, na hawa walichangamka kweli, wakaruka neti, wakakimbizana. Meneja alikuwa akitoa amri. Lete mfuko. Shika mpira. Shemeji, sogea, unamziba mgeni. Mnunuzi alikuwa kwenye simu, akigombana na watu wake wa mabwawani ambao hawakuwa tayari, na alipokata simu aliuliza swali ambalo kila mnunuzi huuliza.

"Wamefungishwa hawa?"

Mama Kamba alikuwa amesimama pale pale, ameshika mdomo wa mfuko. Hakuna aliyemtazama.

"Bibie," alisema Meneja, mkono kifuani, "hilo nimelisimamia mimi mwenyewe. Tangu jana. Mbele ya macho yangu haya."

Akanyanyua mfuko juu ili mgeni aone. Ndani ya kila kamba, mgongoni, ulikuwepo mstari mweusi mwembamba kama uzi, utumbo uliojaa chakula. Mtu yeyote wa kazi ile angeuona. Lakini Meneja alikuwa amevaa miwani yake ya jua, na kwenye miwani ile kila kitu ni cheusi.

"Safi!" alisema. "Angalia walivyo hai!"

Mnunuzi akatazama mara moja, simu ikamwita tena, akageuka. Mifuko ikapangwa nyuma ya gari, turubai likavutwa. Meneja akapanda mbele akapunga mkono kama waziri. Mama mkwe naye alipunga, amesimama mlangoni, ametosheka.

*

Kesho yake asubuhi gari lilirudi, na harufu ikatangulia.

Mnunuzi alishuka kwanza. Hakusalimia mtu. Akaenda nyuma ya gari, akafunua turubai, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Meneja, shusha mzigo wako."

"Bibie, nitamwita mtu—"

"Sikuleta mtu. Shusha."

Basi Meneja akashusha. Mfuko mmoja mmoja, akiwa na suruali yake ya kunyooshwa na viatu vipya. Mfuko wa pili ulichanika, maji yale yakamwingia viatuni, na kamba waliokufa, weupe kama wali uliochacha, wakamnata magotini. Majirani walikuwa wamejaa ukutani. Mtu akabana pua, mwingine akauliza kwa sauti, "Huyo ndiye Meneja au ndiye Mikojo?" na kicheko kikapita ukuta mzima.

Ilikuwa tamu. Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina utamu. Mama Kamba aliegemea mlango wake, mikono kifuani, akainywa asubuhi ile funda kwa funda. Wala hakuona haja ya kuficha uso.

Mnunuzi akatoa kichupa cha dawa, akachota maji ya mfuko kwenye glasi, akadondosha. Maji yakawa kijani, kijani cha chupa. Akaiinua glasi ili wote waone.

"Walikula," alisema. "Si jana yake. Asubuhi ile ile. Uliniambia umesimamia mwenyewe."

"Nilisimamia, bibie, ila—" Meneja akageuka huku na huku, akamwona aliyekuwa akimtafuta. "Ni huyu! Muulize Mama Mikojo! Yeye ndiye anayelisha!"

"Wewe si uliniambia huyu kazi yake kunusa?" alisema mnunuzi. "Leo ndiye mwenye kazi?"

 Meneja aliivua miwani, na macho yake yalikuwa madogo na mekundu, ya mtu ambaye hakulala.

"Malipo yangu ya awali," alisema mnunuzi.

Hayakuwepo. Yaliishia kwenye sherehe, mapazia na viatu vile vilivyolowa. Mnunuzi alisikiliza maelezo mpaka mwisho, kisha akaangalia matangi, akaangalia pampu, akamwambia dereva alete kamba za kufungia. "Hivi vitanitosha. Kwa sasa."

Hilo Mama Kamba hakulipigia hesabu. Alijinyoosha kutoka mlangoni. Lakini kabla hajasema neno, mama mkwe alikuwa ameshatoka ndani, amejifunga kanga vibaya, anatazama zile maiti nyeupe zilizotapakaa uani kwake.

"Wamekufaje?" aliuliza.

"Walilishwa, mama," mnunuzi alimjibu, na kwa mtu mzima sauti yake ililegea. "Wakilishwa kabla ya safari wanachafua maji ya mfuko. Wanakufa kwa uchafu wao wenyewe."

"Kwa kula?"

"Kwa kula, mama."

 Bibi akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama kiganja kana kwamba kimeandikwa.

"Basi ni mimi," alisema. "Wanangu, msimgombeze mtu. Niliwalisha mimi."

 Meneja hakuweza kumfokea mama yake. Alikaa chini kwenye maji yale yale, akafunika uso. Na utamu wote uliokuwa mdomoni mwa Mama Kamba ukageuka, akaona anataka kutema na hana pa kutemea.

*

Pampu ilipoondoka, uwanja ulibaki na kimya ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia kwa miaka. Palibaki miduara ya matope tu mahali matangi yalipokuwa.

Mama mkwe aliacha kupika. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na jirani akija alimkaribisha kwa maneno matupu. Watoto wa mtaani walizoea kuingia wakidai mkate; aliwafukuza. Mtoto mdogo kuliko wote aling'ang'ania sketi yake, naye akaificha mikono nyuma, akasema, "Nenda kwenu ukale, mwanangu. Mkono huu si mzuri." Na yeye mwenyewe hakula. Chai ilipelekwa ikapoa, wali ukapelekwa ukarudi.

"Nilikuona," Fundi alimwambia mkewe. Ilikuwa alasiri, wamekaa kizingitini wakitazama miduara ya matope.

"Najua uliniona. Na hukusema."

"Sikusema." Alikuwa akizungusha spana mkononi. "Nilisema moyoni, leo sicheki. Leo nakaa upande wa mke wangu, liwalo na liwe. Sikujua lingekuwa hili."

Mama Kamba alimgeukia. Maneno hayo aliyangoja kwa miaka, na yamekuja leo, hana hata pa kuyaweka.

"Mama atakufa," alisema.

"Atasahau. Mpe muda."

"Hajala, wewe! Anakufa kwa kosa langu na anadhani ni lake. Nitamwambia."

Fundi akamshika mkono. "Ukimwambia tunafukuzwa. Hii ni nyumba yake. Matangi hatuna, kazi huna, mimi ninaokoteza. Tutalala wapi? Kaka anamlaumu mama, mama anajilaumu mwenyewe, hakuna anayekutaja. Umeshinda! Si ulitaka kumlipa? Umemlipa. Nyamaza."

"Nilitaka kumlipa yeye."

Akautoa mkono wake, akainuka.

Alimkuta mama mkwe dirishani. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, si wewe uliyewaua."

"Niliwalisha."

"Mimi nilijua, mama. Nilijua watakufa. Kopo nililiacha makusudi."

Bibi hakugeuza kichwa. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kopo ukanipa wewe mkononi."

"Nilikupa mimi."

"Na wale wa kona? Nilikuwa nimewasahau. Ukaniambia, hawa bado."

"Nilisema, mama." Sasa alikuwa analia. "Alinidhalilisha. Alininyang'anya hata jina. Nilitaka naye achekwe. Sikufikiri kama wewe—"

"Hukufikiri kama nina moyo," alisema bibi. "Na mwanangu? Alikuwepo pale kwenye bomba. Aliona?"

Mama Kamba aliinamisha uso, na bibi akatikisa kichwa polepole, maana alimjua mwanawe.

Kisha akainuka. Aliinuka mwenyewe, bila kushikwa, akaenda jikoni, na Mama Kamba akasikia kibiriti kikiwashwa. Alisikia sufuria. Alisikia kisu kwenye ubao. Harufu ya kitunguu ikajaa nyumba, kwa mara ya kwanza tangu gari lilipoondoka na pampu, na alipoisikia alijifuta machozi akashusha pumzi. Amesamehewa. Alikimbilia jikoni kusaidia.

"Kaa," bibi alimwambia. "Mwite na mwenzako."

Fundi akaja, akasimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, akanusa, naye uso ukamfunguka. Wakakaa mezani, bibi akaingia vyumba vya nyuma kidogo, akarudi. Sahani mbili ziliwekwa, wali umejaa mpaka ukingoni, mchuzi juu yake, na nyama ambayo bibi huwa anawawekea wageni.

"Kuleni."

Wakala. Bibi alisimama kando na upawa mkononi, akitazama kila tonge linavyoingia. Sahani zikipungua, anaongeza.  Fundi alikuwa wa kwanza kukohoa na kusukuma sahani.

"Nimeshiba, mama. Asante."

"Ongeza."

"Mama, nimeshiba kweli."

"Kula, mwanangu. Mtu hatoki kwangu na njaa." Akamwongezea. Akamgeukia Mama Kamba, akamwongezea na yeye, kwa mkono ule ule wa kulia, taratibu, kwa upendo wote aliokuwa nao siku zote.

Hapo Mama Kamba akaona kwamba mezani kuna sahani mbili tu. Akalirudisha tonge sahanini. Alitazama upawa, akatazama mlango wa vyumba vya nyuma, na mle ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, akaliona sanduku lao likiwa limeshatolewa chini ya kitanda na kuwekwa katikati ya chumba.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe huli?"

Bibi alifunika sufuria.

"Mimi sisafiri," alisema.